Samaki gani wanafaa kuchomwa kwenye mkaa kwa wageni 40 hapa Dodoma?

Mwenyeji wa Kisasa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa mliotangulia umri, shikamooni.

Mwezi ujao tutakuwa na hafla ya kipaimara nyumbani kwa dada yangu, na tunatarajia wageni wapatao 40. Kama ilivyo desturi ya mji huu, wazo la kwanza lilikuwa mbuzi wa mnada wa Msalato, lakini wazee wetu wawili wameshauriwa na daktari wapunguze nyama nyekundu, na dada ameamua kwamba safari hii jiko litakuwa la samaki. Mimi ndiye niliyekabidhiwa ununuzi na usimamizi wa uchomaji, ingawa mkono wangu umezoea mbuzi.

Viungo havinisumbui, kwa sababu akina mama wa nyumbani wanavijua kuliko mimi. Kinachonisumbua ni uchaguzi wenyewe. Pale soko la Majengo nimeona sato wanaosemekana kutoka Mwanza, perege ambao wauzaji wanasema ni wa Mtera, kambare, na minofu ya sangara iliyogandishwa, na katika maduka yenye majokofu nimekuta changu, nguru, jodari, vibua na kamba kutoka pwani. Bei zinapishana sana, na kila muuzaji anaapa kwamba wake ndiye hasa wa kuchoma. Vijana nao wanadai pweza na ngisi, kwa kuwa waliwaonja Dar es Salaam na hawajawasahau. Naomba kufahamishwa ni samaki yupi atakayestahimili wavu bila kuvunjika wala kukauka, nitamtambuaje aliyeharibikia safarini, na ninunue kilo ngapi.

Mchomaji wa Makole

Ndugu yangu, hongereni kwa hafla. Mimi huchoma samaki jioni kwa biashara, kwa hiyo nitajibu upande wa jiko na kuwaachia wengine habari za bahari.

Sahau majina kwanza, uangalie mwili wa samaki. Wavu juu ya mkaa hutoa moto mkali na mkavu, na samaki anayeumudu ni yule mwenye nyama iliyoshikamana, mafuta kiasi ndani yake, na ngozi iliyobaki mwilini. Samaki asiye na mafuta hukauka kabla hujageuka kuchukua chumvi, na mwenye nyama laini akishatolewa ngozi huachia vipande vyake vikadondokea kwenye makaa. Kwa sababu hiyo sikushauri ununue ile minofu ya sangara isiyo na ngozi kwa ajili ya wavu, hata kama muuzaji ataipunguza bei. Hiyo ni ya kukaanga au ya mchuzi. Sangara mwenyewe hana kosa, kwani ana mafuta ya kutosha na nyama yake hubaki na unyevu. Tatizo ni jinsi alivyokatwa. Ukimpata aliyekatwa vipande vya mviringo vyenye unene wa vidole viwili, na ngozi na mfupa wa katikati vikiwa bado vipo, atakaa vizuri kwenye wavu kuliko wengi wa baharini. Jihadhari tu na vipande vya tumbo la sangara mkubwa, ambavyo mafuta yake hudondoka na kuwasha miali inayounguza ngozi kabla ndani hapajaiva.

Kwa hafla ya watu 40, chaguo langu ni sato mzima. Mfupa wake na ngozi yake humlinda, nyama yake inakubali viungo vya kila namna, miiba yake ni mikubwa na watoto huiona, na uzito wake unaweza kulinganishwa ili wote waive kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Ukinunua fungu lenye sato wa gramu 300 na wengine wa kilo nzima, utasimama jikoni ukitoa mmoja mmoja huku wageni wakisubiri. Mwambie muuzaji akuchagulie wa kati ya gramu 500 na 700. Wale wadogo mno wa kiganjani uwaache, kwa kuwa wana miiba kuliko nyama, na isitoshe kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50.

Kuhusu kiasi, samaki mzima wa gramu 400 hadi 500 humtosha mtu mzima mmoja, kwa sababu kichwa, mifupa na matumbo huchukua zaidi ya nusu ya uzito. Ikiwa pembeni kutakuwa na ugali, wali na mboga, kilo 16 hadi 20 za samaki wazima zitawatosha wageni wako. Kwa vipande vyenye mfupa, gramu 250 kwa mtu ni kiasi cha heshima.

Utayarishaji nausema kwa kifupi. Baada ya kupaa magamba na kuosha, mkaushe samaki kwa kitambaa safi hadi ngozi isiwe na maji, umchanje mikato mitatu kila ubavu ikifika karibu na mfupa, kisha umpake mafuta ya alizeti yeye mwenyewe pamoja na wavu. Wavu uwe umeshapata moto kabla ya kumlaza. Akigoma kubanduka, hajawa tayari kugeuzwa, msubiri. Kwa sato wa gramu 600, juu ya makaa yaliyoshika majivu meupe, dakika nane hadi kumi kila upande zinatosha. Fungua mkato ulio karibu na kichwa: nyama ikiwa nyeupe isiyopenya mwanga na ikiachia mfupa, ameiva.

Binti wa Pangani

Salaam kwenu. Kaka Mchomaji amesema vyema, nami naongeza ya baharini, kwa kuwa nimezaliwa pwani na sasa kazi imenileta huku.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450 za barabara, na samaki hajui kwamba umemlipia bei ya changu. Anachojua ni barafu. Samaki aliyewekewa barafu ya kutosha tangu alipotolewa majini anaweza kufika huku akiwa na hali nzuri kuliko wa Mtera aliyeshinda kwenye ndoo juani tangu asubuhi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe alisafirishwaje. Kwenye joto letu, kilo moja ya samaki huhitaji karibu kilo moja ya barafu iliyopondwa, ikiwa imetandazwa chini, katikati na juu, ndani ya deli lenye tundu la kutolea maji. Ukiona deli limejaa samaki wanaoelea katika maji ya uvuguvugu, ondoka hata kama ni wa jana usiku.

Samaki mzima ambaye hajagandishwa hujieleza. Macho yake huwa maangavu na yametuna, matamvua ni mekundu na hayana ute mzito, na nyama ukiibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Harufu iwe ya bahari au ya maji, isiwe kali ya kupanda puani. Usimnunue asiye na kichwa ikiwa unaweza kumpata mwenye nacho, kwa kuwa kichwa ndicho kinachobeba ushahidi. Kwa waliogandishwa hukumu ni ngumu zaidi. Tazama kama kuna mabaka meupe makavu kwenye nyama, jambo linaloonyesha kwamba baridi la jokofu limekausha mwili wake, na kama kuna barafu nyingi iliyojikusanya chini ya mfuko, kwa sababu mara nyingi hiyo ni dalili kwamba aliyeyuka njiani akagandishwa tena. Samaki wa namna hiyo akifika kwenye wavu hutoa maji mengi na kubaki nyuzi tupu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sipendi lichukuliwe kwa wepesi. Jodari, vibua na nguru wana nyama ambayo, ikikaa kwenye joto, bakteria huigeuza na kutengeneza histamini. Mlaji huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, na wakati mwingine huharisha, tena ndani ya dakika chache au saa moja hivi baada ya kula. Histamini hiyo haiondoki kwa kuchoma, kwa kugandisha, wala kwa ndimu na pilipili. Ikishaingia imeingia, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka vibaya. Kwa shughuli yenye wazee na watoto, mimi ningewanunua hao watatu kwa muuzaji ninayemwamini tu, ambaye mzigo wake ulisafiri kwenye gari la ubaridi, na wangeyeyushwa ndani ya jokofu usiku kucha badala ya kuanikwa kwenye karo. Hata hivyo nakiri kwamba nguru mzuri aliyekatwa unene wa sentimita mbili na nusu, akachomwa dakika nne au tano kila upande, hana mpinzani.

Changu ndiye mfalme wa wavu pwani, na kolekole humfuata kwa karibu. Wote wana nyama iliyoshikamana na ngozi ngumu. Tasi ni mtamu sana, lakini miiba ya mapezi yake ina sumu inayouma, hivyo yakatwe kwa mkasi kabla hajashikwashikwa. Pono mwachieni mchuzi; nyama yake ni laini mno na huishia kwenye majivu.

Kuhusu wanayoyataka vijana: kamba wachomwe na maganda yao, kwa sababu ganda ndilo linalozuia wasikauke. Dakika mbili au tatu kila upande, wakishabadilika rangi na kujikunja kidogo, watolewe. Madoa meusi ya kichwani peke yake hayamaanishi kwamba wameoza, ila yanaonyesha kwamba wamekaa. Harufu ya amonia ndiyo ya kukimbia. Ngisi anataka moto mkali wa dakika moja au mbili kila upande, na ukipitiliza atakuwa mgumu wa kutafunwa hadi kesho. Pweza haendi kwenye wavu akiwa mbichi. Huchemshwa kwanza taratibu hadi kisu kipenye kwenye mzizi wa mkono wake, huenda dakika 45 au saa nzima kulingana na ukubwa, kisha hupakwa mafuta na kupitishwa kwenye moto ili apate rangi na moshi. Jambo jema kwenu mlio mbali na bahari ni kwamba kumgandisha pweza hulainisha nyama yake, kwa hiyo wa kwenye friza hana aibu. Hesabuni tu kwamba hupungua kwa karibu nusu akichemshwa, na msinunue wa chini ya gramu 500, kwani kanuni zinamkataza mvuvi kumchukua.

Mkulima wa Hombolo

Wapendwa, naona mmempita perege haraka kama mgeni asiye na zawadi, na yeye ndiye jirani yetu.

Bwawa la Mtera liko upande wa kusini wa mkoa wetu, mahali barabara ya Iringa inapopita juu ya bwawa lenyewe, na hapa Hombolo pia wavuvi hutoa perege na kambare. Perege aliyevuliwa alfajiri na kufika mjini kabla ya jua kupanda ni mbichi kuliko sato wa Mwanza, ambaye ametembea karibu kilomita 700. Kwa kuchoma, tabia yake ni ile ile ya sato. Tofauti ni kwamba wengi wao ni wadogo, hivyo mgeni mmoja atakula wawili, na dakika tano au sita kila upande zinawatosha.

Kasoro inayosemwa juu yake ni ladha ya tope, na ni ya kweli kwa baadhi ya majira. Ladha hiyo haitokani na uchafu wa samaki, bali na kitu kiitwacho jiosmini, ambacho hutengenezwa na aina fulani za bakteria na mwani katika maji yaliyotuama, kisha kikajikusanya katika mafuta ya samaki. Hujitokeza zaidi maji yanapopungua na kupata joto, yaani kabla ya mvua za Desemba, na kambare, mwenye mafuta mengi na makazi ya chini topeni, huibeba kuliko perege. Dawa yake ni uchachu, kwa kuwa asidi huivunja. Wengi hukimbilia ndimu, lakini sisi tuna ukwaju porini na sokoni kwa bei ya kawaida: loweka, kamua, tia chumvi, vitunguu saumu na tangawizi, umpake samaki ndani ya mikato kwa nusu saa au saa moja. Asizidi hapo. Uchachu ukikaa usiku kucha hupika nyama ya nje, nayo hubomoka kama chenga wavu unapoigusa. Ukinunua kwa mfugaji wa bwawa la nyumbani, mwombe awahamishie samaki wako kwenye maji safi yasiyo na tope siku kadhaa kabla ya kuwatoa. Ladha hiyo hupungua sana.

Kambare simkatazi, lakini simtaki kwenye wavu wa hafla akiwa mzima. Ute wake uondolewe kwa chumvi na majivu au maji ya moto, akatwe vipande vinene, na apewe moto wa wastani kwa muda mrefu, kwa sababu ana mafuta na huvumilia.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, najua kuna watakaokushauri utupie matawi makavu ya mizabibu kwenye makaa ili upate moshi mzuri. Moshi wake ni mzuri kweli, lakini mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu mara kwa mara, na mimi ninayeyapogoa matawi hayo siyatumii kwa chakula. Mkaa mkavu unatosha.

Mwenyeji wa Kisasa

Nawashukuruni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Nimepita sokoni leo nikiwa na maelezo ya Dada wa Pangani kichwani, na muuzaji mmoja alipoona nafungua matamvua aliniletea samaki kutoka deli lingine, lililokuwa nyuma.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, kati ya wageni wapo ndugu zetu Wasabato, na shemeji mmoja ana mzio wa kamba. Nipangeje majiko? Pili, mtu mmoja kutoka Kigoma ameniambia kwamba nimeacha mgebuka, ambaye kwao ndiye wa kuchoma. Je, atafaa?

Mchomaji wa Makole

Ndugu yangu, la Wasabato umefanya vizuri kulifikiria mapema. Wao hufuata agizo la Mambo ya Walawi sura ya 11, ambalo huruhusu samaki mwenye mapezi na magamba tu, kwa hiyo sato, perege, sangara na changu hawana shida kwao, ila kambare, pweza, ngisi na kamba hawali. Ndiyo sababu nyingine ya kumfanya sato awe msingi wa meza nzima, na hivyo vingine viwe nyongeza ya vijana. Jiko moja, pamoja na wavu wake, koleo lake na brashi yake ya mafuta, liwe la samaki wenye magamba pekee. La pili liwe la hivyo vingine, na liwekwe upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na wageni. Kwa mwenye mzio wa kamba hilo ni la usalama, kwani hata mafuta yaliyodondoka kwenye wavu, au moshi na mvuke wa kamba anayeiva, vinaweza kumdhuru. Pia viungo vya kupakia vigawanywe kwenye bakuli tofauti tangu mwanzo, na kilichogusa samaki mbichi kisirudishwe juu ya aliyeiva.

Kuhusu mgebuka, mwenzako wa Kigoma hakudanganya, ila alisahau umbali. Mgebuka mbichi aliyetoka Ziwa Tanganyika usiku huo ni samaki wa wavu, mwembamba, mwenye mafuta, na huiva upesi. Wale ninaowaona mimi hapa mara nyingi wamekaushwa au wametiwa chumvi, na hao ni wa kuloweka na kupika kwa nazi au karanga. Tena kuna miezi ambayo hawapatikani kabisa, kwa mfano mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane.

Binti wa Pangani

Naafikiana na Kaka kuhusu majiko mawili, ila sikubaliani naye kwamba vitu vya baharini vibaki kuwa nyongeza ya vijana tu. Ukimpata changu mzuri, weka hata wanne au watano wakubwa kwenye lile jiko la magamba, kwa ajili ya meza ya wazee. Nyama yake ni laini kwa meno yao na haihitaji viungo vingi. Chumvi, ndimu na pilipili manga vinatosha. Waanze kuchomwa dakika kumi kabla ya sato, kwa kuwa changu wa kilo moja ni mnene mgongoni, na wakishapata rangi wasogezwe pembeni penye moto mdogo wamalizikie huko. Kamba na ngisi wasiguse moto hadi wageni wawe wamekaa, kwa sababu hawangojei mtu.

Mkulima wa Hombolo

Ukiamua kuongeza perege, agiza siku mbili kabla, na umwambie mvuvi awatoe matumbo palepale bwawani na kuwafunika kwa barafu. Barafu ya mifuko utalazimika kuibeba wewe kutoka mjini, kwa maana huku kwetu haipatikani kila siku.